Meza Kabla ya Geti

Geti la chuma likikataa kufunga, mwenye nyumba humlaumu aliyelitundika. Aliyelitundika humlaumu mwashi kwa nguzo zilizoinama, naye mwashi hutoa timazi yake kuonyesha kwamba nguzo zimesimama wima. Mara nyingi wote watatu hawana hatia. Geti lilipinda siku lilipotengenezwa, vyuma vyake vilipolazwa chini juu ya udongo na kokoto, kimoja kikaegemezwa tofali, kingine kikanyanyuliwa kwa kipande cha ubao, kisha vikachomelewa vikiwa katika hali hiyo. Moto ukishapita, mkao huo ndio umbo lake la kudumu.

Nakuru haikosi kazi ya chuma. Mji ulipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini nyumba zilikuwa zimeshaanza kuenea Kiamunyi, Ngata na Lanet miaka mingi kabla ya hapo, na kila nyumba inadai madirisha, milango, vyuma vya kuzuia wezi na geti. Nyuma ya mji kuna mashamba: ngano ya Njoro, viazi vya Molo, mahindi ya Rongai, ng'ombe wa maziwa wa Bahati na Subukia. Mashamba haya yanadai kitu kigumu kuliko geti. Yanadai mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, mashine ya kupukuchulia mahindi, kinu cha posho.

Tofauti kati ya kazi hizo mbili ni kubwa. Dirisha lililopinda milimita 5 huokolewa na plasta; ndiyo maana mteja huambiwa, "Mzee, hii itakaa sawa mwashi akimaliza." Mashine inayozunguka haiokolewi na mwashi. Mhimili wa mashine ya kukatia majani umekaa juu ya beringi mbili, na beringi hizo lazima ziwe kwenye mstari mmoja. Fremu ikijinyonga, beringi hupata moto, mkanda huruka kwenye puli, visu hugonga mahali visipopaswa kugonga, na mfugaji aliyelipa kwa pesa za maziwa hurudi na mashine yake nyuma ya pikapu.

Ndiyo sababu naamini kwamba kinachokosekana katika karakana zetu nyingi si mashine ghali ya kuchomelea wala grinda mpya. Ni meza: uso mmoja wa chuma ulionyooka, wenye pembe za mraba, usiotikisika. Tangu Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya na kuwafanya wachumi waitazame sekta isiyo rasmi kwa heshima, tangu Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, mwaka 1985, hadi waraka wa serikali namba 2 wa 1992 uliohusu biashara ndogo na jua kali, mazungumzo yamekuwa juu ya vibanda, ardhi, umeme na mikopo. Yote hayo yalihitajika na bado yanahitajika. Lakini fundi aliyepewa paa akaendelea kuchomelea chini ataendelea kutoa fremu zilizojinyonga, sasa akiwa kivulini.

Meza hii inaweza kutengenezwa katika gereji ya nyumbani. Nasema hivyo nikimfikiria mwalimu anayechomelea wikendi, mstaafu aliyeacha kazi ya warsha, kijana aliyetoka chuo cha ufundi asiye na kodi ya kibanda. Hawana mashine ya kusaga uso wa chuma wala hawatakuwa nayo. Hawaihitaji.

Wazo la kwanza la wengi ni kununua bamba nene na kulichomelea juu ya fremu kuzunguka pande zote. Nalipinga wazo hilo kabisa. Kwanza, bamba halitoki kiwandani likiwa limenyooka. Linaweza kuwa na tumbo la milimita kadhaa, na likikatwa kwa mashine ya mkasi au kwa gesi, kingo zake hujipinda zaidi. Pili, na hili ndilo kubwa, ni moto wenyewe. Chuma cha urefu wa mita 1 hurefuka kama milimita 1.2 kwa kila nyuzi 100 za joto, na pale rodi inapoyeyuka joto hufika karibu nyuzi 1,500. Sehemu iliyopata moto inataka kutanuka, lakini chuma baridi kilichoizunguka kinaizuia, kwa hiyo inajikandamiza na kunenepa papo hapo. Inapopoa inajivuta, na sasa ni fupi kuliko ilivyokuwa kabla ya moto. Kila mstari wa weldi, basi, ni kamba inayovutwa. Chomelea bamba kwa chini kuzunguka kingo zote, nalo litajivuta na kuinua tumbo au kushusha kingo, na hakuna nyundo itakayolirudisha.

Uzito hausaidii sana hapa. Bamba la sentimita 120 kwa 80 lenye unene wa milimita 10 lina kilo 75, watu wawili hulibeba kwa taabu, na bado weldi hulipinda.

Uamuzi ninaoutetea ni huu: uso wa meza usiguswe na moto hata mara moja. Fremu ichomelewe, ijipinde ipendavyo. Uso ufungwe juu yake kwa bolti, na kila pengo kati ya uso na fremu lijazwe kwa vipande vyembamba mpaka uso unyooke. Na badala ya bamba moja, tumia vyuma bapa vya upana wa milimita 100 na unene wa milimita 12, vilivyopangwa sambamba vikiachiana nafasi. Chuma bapa kimoja cha mita 6 hutoa vipande vitano vya sentimita 120, ukitoa milimita chache zinazoliwa na msumeno. Vipange vitano hivyo kwa nafasi za milimita 50 na upana wa meza unakuwa sentimita 70 kamili. Kwa jumla vina uzito wa kilo 56 hivi, na hakuna kipande kinachobaki cha kutupwa. Nafasi zilizo katikati ni faida nyingine: klampu hupita popote, na cheche na takataka za weldi huanguka chini badala ya kukwama juu ya uso.

Kuhusu mahali pa kununua, vyuma vizuri sana hupatikana kwa wauza vyuma chakavu, hasa vilivyotoka kwenye matela na mashine za shamba, kwa bei ya kilo. Lakini dai risiti. Kenya ina sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015, na Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa baada ya minara ya umeme kuhujumiwa. Kipande cha reli ni fuawe bora, hilo linajulikana, lakini kisichokuwa na karatasi kiache kilipo.

Sasa swali gumu: utajuaje kwamba chuma kimenyooka, kama kila ulicho nacho cha kupimia nacho hukiamini? Jibu ndilo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii, kwa sababu halihitaji pesa. Chombo hupimwa kwa chombo hichohicho, kikiwa kimegeuzwa.

Chukua ile fito ndefu ya alumini ambayo mafundi wa plasta hupigia ukuta. Ilaze juu ya ubao uliopakwa rangi nyeupe, piga mstari kwa penseli iliyochongwa vizuri. Kisha igeuze, kana kwamba unafungua ukurasa wa kitabu, ukingo uleule uguse ncha zilezile za mstari kutoka upande wa pili, upige mstari mwingine. Mistari ikilingana, ukingo umenyooka. Ikiachana katikati, nafasi unayoiona ni mara mbili ya kosa la fito, kwa hiyo hata kosa dogo hujitangaza. Fito za kutosha ukizipima hivyo dukani, muuzaji akikuruhusu, utapata moja ya kuaminika.

Skwea hupimwa vivyo hivyo. Iegemeze kwenye ukingo ulionyooka, piga mstari wa kusimama, igeuze upande wa pili na upige mwingine kutoka nukta ileile. Pimamaji nayo: isome, izungushe kichwa kiende mkiani, isome tena mahali palepale. Kiputo kikirudi palepale kati ya mistari yake, inasema kweli. Kama mara ya kwanza kilikaa katikati kisha kikahama, nusu ya mhamo huo ni uongo wa pimamaji na nusu ni mteremko wa kitu unachokipima.

Hii ni elimu ya zamani. Joseph Whitworth, fundi Mwingereza aliyepitia karakana ya Henry Maudslay jijini London, alisoma andiko huko Glasgow mwaka 1840 kueleza namna ya kupata uso ulionyooka bila kuwa na uso mwingine ulionyooka wa kuigia. Siri yake ni vipande vitatu. Viwili vikilinganishwa vinaweza kudanganya, kimoja kikiwa na tumbo na kingine shimo, vikaoana vizuri kabisa. Lakini vitatu vikioana kila kimoja na kila kingine, haviwezi vyote kuwa na tumbo wala vyote kuwa na shimo; vimenyooka. Viwanda vya dunia nzima vilijengwa juu ya wazo hilo, nalo halikuanza na mashine bali na mikono, rangi kidogo ya kuonyesha palipogusana, na chombo cha kukwangulia. Hatutakwangua chuma chetu kwa kiwango cha Whitworth. Kwa geti na fremu ya mashine ya majani, uso usiotofautiana zaidi ya nusu milimita kutoka kona hadi kona unatosha, na hilo lipo ndani ya uwezo wa gereji.

Anza na fremu, ukiifanya kichwa chini. Tafuta tyubu mbili nzito zilizopita mtihani wa fito, zilaze sambamba juu ya mawe au viti vya mbao, urefu wa mkono mmoja kati yake. Usiziamini kwa sababu zimekaa vizuri sakafuni: sakafu ya gereji kwa kawaida ina mteremko wa kutoa maji, na huo ndio mjengo wake sahihi. Simama ubavuni mwa tyubu moja, uiname mpaka jicho moja lilingane na mgongo wa tyubu ya karibu, kisha tazama ya mbali. Migongo miwili ikifunikana sawasawa kuanzia kushoto hadi kulia, tyubu hazijajinyonga. Mmoja ukionekana kupanda upande mmoja, sukuma kipande cha bati chini yake. Jicho la binadamu ni kali ajabu katika jambo hili. Huona tofauti ambayo pimamaji ya bei nafuu haioni.

Juu ya tyubu hizo laza mihimili mitatu ya kukatiza, kila mmoja sentimita 70, tyubu ya milimita 75 kwa 50 yenye ukuta wa milimita 3, upande utakaobeba uso ukitazama chini. Juu yake weka tyubu mbili ndefu za kuiunganisha. Sasa pima mishazari, kona hadi kona. Ikilingana, pembe ni za mraba. Ikitofautiana milimita 2, ujue kona imekosea kama milimita 1 na kidogo kwenye upande wa sentimita 70, na kosa hilo litahamia kwenye kila fremu utakayoipima kwa kingo za meza hii. Usiridhike. Gonga kona ya mshazari mrefu kwa nyundo ya mbao mpaka futi isome sawa mara mbili.

Ndipo uweke taki, vidoa vidogo vya weldi, kimoja kila kona, ukiruka kutoka kona hadi kona ya mkabala wake. Pima mishazari tena. Weldi kamili iwe fupi fupi, sentimita 3 hivi kwa wakati, kila mara ukihamia mahali palipopoa. Usiharakishe hapa. Anayemaliza kona moja yote kabla ya kwenda nyingine anaipa kona hiyo nafasi ya kuvuta fremu nzima upande wake. Miguu ifuate, nayo kwa taki kwanza. Chini ya kila mguu chomelea nati kubwa, ya milimita 16, upitishe bolti itakayokuwa unyayo. Kwa bolti hizo nne, meza itasimama palepale kwenye sakafu yenye mteremko. Ukipata taabu kusawazisha, tumia mpira mwangavu wa maji wa mafundi wa ujenzi, kwani maji hayajui kudanganya kati ya kona mbili zilizo mbali. Urefu unaofaa ni pale kifundo cha mkono kinapofika ukiwa umesimama wima; kwa wengi ni sentimita 85 hadi 90.

Uso sasa. Kila chuma bapa kitobolewe mahali patatu, juu ya kila mhimili wa kukatiza, tundu la milimita 8.5, kisha likatwe hesi ya milimita 10. Bolti ndefu hupanda kutoka chini, ikipita ndani ya mhimili, ikakamata hesi. Funga chuma bapa cha kwanza na cha tano kwanza, vilivyo kingoni. Vitazame kwa jicho kama ulivyozitazama tyubu, na uweke fito juu yake kwa urefu, kisha kwa mishazari. Palipo na bonde, legeza bolti, ingiza kipande cha kopo la soda kati ya chuma na mhimili, kaza tena. Ukuta wa kopo una unene wa kama milimita 0.1, nao hupatikana bure. Viwili vikifanya 0.2, vitatu 0.3, unaweza kupandisha kona ya meza ya kilo nyingi kwa kiasi kidogo sana, na itakaa hapo. Vyuma vitatu vya katikati hupimwa kutoka kwenye hivi viwili, fito ikivuka meza nzima. Kwa kupima pengo lililobaki, kile kipimo cha visu vyembamba ambacho makanika hutumia kwenye valvu za magari hufanya kazi vizuri, na makanika si haba Nakuru.

Kazi hii ya makopo huchukua muda mrefu kuliko kukata na kuchomelea kwa pamoja. Hapo ndipo meza inapopatikana, nami namsihi msomaji asiifanye jioni akiwa amechoka. Taa moja iliyowekwa chini, nyuma ya fito, huonyesha mwanga unaopenya mahali ambapo vidole havihisi kitu.

Kuna mambo ya gereji yenyewe ambayo hayana hiari. Gari litoke nje, na mtungi wa gesi ya kupikia uhamishwe, kwa kuwa cheche za grinda huruka mita kadhaa na mvuke wa petroli hauhitaji zaidi ya moja. Rodi ya milimita 2.5 hutumia takribani ampea 80, na mashine ndogo za kisasa za inveta huweza kuiendesha kutoka soketi ya kawaida ya ampea 13 kwa muda mfupi mfupi. Rodi ya milimita 3.2 inastahili waya wake mwenyewe kutoka kwenye boksi la swichi, uliowekwa na fundi umeme. Mlango ubaki wazi kabisa. Mabomba yaliyopakwa zinki yasagwe zinki yote mahali pa weldi kabla ya moto, maana moshi wake mweupe huleta homa na baridi ya mwili usiku. Mafundi wengi hunywa maziwa kama kinga. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni na moshi umekwenda mapafuni. Hewa ndiyo kinga.

Meza ikiwa tayari, itunze kwa sheria chache. Waya wa kurudishia umeme ubanwe kwenye kazi yenyewe, karibu na weldi. Usijaribie rodi kwenye uso. Kabla ya mvua za Machi hadi Mei, futa uso kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Baada ya mwezi wa kwanza wa kazi pima upya, kwa kuwa bolti hulegea na makopo hujikandamiza. Chuma bapa kimoja kikichakaa, bolti tatu zinafunguliwa, kinageuzwa, na upande wa pili unaanza kazi.

Kisha leta kazi iliyokushinda chini. Ukitengeneza fremu ya mashine ya kukatia majani, usichomelee ukiwa na beringi mpya ndani, kwa sababu umeme ukipita kwenye magololi yake huyachoma. Tafuta fimbo ya chuma iliyonyooka, ya kipenyo cha mhimili, uithibitishe kwa kuiviringisha juu ya meza: iliyopinda huyumba, na mwanga huonekana chini yake. Ipitishe kwenye nyumba zote mbili za beringi ukitumia beringi kuukuu, ibane sambamba na ukingo wa meza, pima kutoka mezani hadi kwenye fimbo katika ncha zote mbili, na vipimo vikilingana weka taki pande zote mbili kwa zamu. Zungusha fimbo kwa mkono. Weldi kamili, sentimita chache kwa wakati, ukiizungusha kila baada ya mstari. Ikianza kukaza, simama, acha ipoe, na mstari unaofuata uweke upande wa mkabala ili uvute kinyume. Fimbo ikizunguka kwa vidole viwili baada ya chuma chote kupoa, itoe, weka beringi mpya na mhimili wa kweli, kisha fungua klampu.